Koti la Mkono Mmoja

Barua ya chuo ilikuwa na kurasa nne, na katika kurasa zote hizo mavazi yalipewa mstari mmoja tu: mwanafunzi aje na nguo zinazofaa kwa hali ya hewa ya wastani. Aliyeandika mstari huo bila shaka aliuandika amekaa kitako, kikombe pembeni, akaendelea na shughuli nyingine. Hakujua kwamba angeiweka nyumba nzima roho juu kwa wiki mbili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, bati juu, na joto lake lilianza saa tatu asubuhi. Katika mji ule mtu alioga ili atoke jasho safi. Begi lilikuwa wazi juu ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na magauni matatu mepesi, sketi mbili, blauzi, kandambili, na sweta ya shule ya kijani. Sweta hiyo shule iliwalazimisha wazazi wote kuinunua kwa sababu imo kwenye orodha ya sare, na kwa miaka minne hakuna mtoto aliyeivaa hata siku moja.

"Wastani ndiyo nini?" aliuliza mama.

"Katikati," alisema binti. "Si joto, si baridi."

"Hakuna kitu kama hicho. Ni joto au ni baridi."

Baba aliifungua barua ukurasa wa tatu. Alikuwa fundi wa mafriji, na katika mambo ya baridi hakukubali kufundishwa na mtu. "Wameandika hapa. Digrii kumi na mbili mpaka kumi na nane. Hiyo siyo baridi hiyo. Friji ikinionyesha kumi na nane nabeba vifaa nakwenda kuitengeneza. Maziwa hayalali humo yakaamka salama."

"Maziwa hayaendi chuo, baba," alisema mama. "Anayekwenda ni mtoto."

Mama naye alikuwa na elimu yake. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha makoti ya kupeleka nje, meza ya kumi na nne, miaka kumi na mmoja anashona zipu tu. Kwenye maboksi aliyaona majina ya nchi yanakopelekwa, na jina la nchi ya chuo lilikuwemo. "Mimi ndiye ninayewashonea hao watu," alisema, na akabana hewa kwa vidole kuonyesha unene. "Pamba yake hii hapa. Mtu hatoki barabarani amevaa godoro kama nje hakuna kitu. Huyu mtoto akienda na hizi nguo za utando wa buibui atarudi kwenye sanduku."

"Mama!"

"Nimesema."

Binti alikuwa ameshapiga simu ofisi ya ufadhili, na dada wa mapokezi akamwambia aangalie kwenye mtandao. Akaangalia. Mtandao ukamwonyesha wanafunzi wamekaa kwenye majani wanacheka, wengine na makoti, wengine na fulana, mmoja peku. Picha ile ilizidisha ugomvi. Baba alisema mnaona, yuko peku. Mama alisema huyo ni mgonjwa.

Kununua koti halikuwa jambo la kuzungumzwa. Nauli ya ndege ilikuwa imemeza kila kitu, pamoja na redio kubwa ya baba. Na mitumba ya mji ule haikuwa na makoti, kwa kuwa wauzaji walikwishajifunza kwamba koti litaning'inia hapo mpaka liote ukungu. Mama aliiangalia tena ile sweta, akaivuta mikono, akaona nondo wameitoboa kama wavu. Mumewe alimjua, akajua kuna jambo ameshaliamua.

Kiwandani hakukuwa na mwanamke mzima. Alikuwepo Mama Kola, alikuwepo Mama Mfuko, alikuwepo Mama Bitana, kila mmoja akiitwa kwa kipande anachoshona kutwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushona koti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yeye alikuwa Mama Zipu. Msimamizi wao wakimwita Bwana Saa, kwa sababu ya saa ya kuhesabia sekunde iliyoning'inia shingoni mwake, na kwa sababu alipenda kumsimamia mtu kisogoni akiibonyeza.

Koti lenye kasoro halikwenda kwa mteja, na hapo hakuna wa kulalamika. Lakini halikwenda popote pengine pia. Liliwekwa pembeni, likakatwakatwa kwa mkasi, likatiwa kwenye gunia pamoja na mabaki ya vitambaa, na kila Jumamosi gari lilikuja kuyachukua magunia yakachomwe moto. Sababu waliyopewa wafanyakazi ni kwamba mkiachiwa mabovu mtayaharibu mazima kusudi. Yaani mwanamke aliyewashonea makoti elfu kwa elfu, mgongo umepinda, macho yamekufa, walikuwa wameshamtia kwenye kundi la wezi kabla hajanyoosha mkono.

Jumanne ile koti moja la buluu, saizi ndogo, lilirudishwa meza ya kumi na nne. Zipu yake ilikuwa imekwenda pembeni milimita mbili huku chini kwenye pindo. Mama Zipu alilishika, akalipima kwa macho mabegani, na mabega aliyoyaona yalikuwa ya mwanawe.

"Mkubwa," alimwambia Bwana Saa, amesimama kama mtoto mbele ya mwalimu. "Naomba nilinunue hili. Nikatwe kwenye mshahara."

"La nini? Unahamia kwenye friji ya mumeo?"

Wawili watatu walicheka, kwa kuwa msimamizi akitania lazima mtu acheke.

"Binti yangu amepata chuo. Huko yanakokwenda haya."

"Hongera. Ila koti bovu halivaliwi na mtu. Mteja akisikia kuna mtu anatembea na kasoro yake mgongoni, tumekwisha wote."

"Lakini mkubwa, hata haionekani."

"Mimi nimeiona." Akatoa mkasi mfukoni, akauweka juu ya koti. "Tena umekosea mwenyewe. Kata mwenyewe."

Akakata. Alikata mbele ya macho yake, na Bwana Saa akaridhika kwamba amemfundisha adabu. Lakini Bwana Saa alijua kuhesabu sekunde tu. Kushona alikuwa hajui. Hakuona kwamba mkasi ule ulikuwa unapita juu ya mishono, unafuata bega, unazunguka kwapa, unateremka ubavuni, na kwamba kitambaa chenyewe hakikuguswa. Kilichoingia kwenye gunia hakikuwa koti lililoharibiwa. Lilikuwa koti lililofumuliwa.

Siku hiyo hiyo alitoka na mgongo wa koti, ameuchomoa kwenye gunia na kuuviringisha tumboni chini ya gauni. Jumatano alitoka na vifua viwili. Alhamisi alitoka na kofia na mkono wa kulia. Getini kila mwanamke alinyanyua mikono akapapaswa na mlinzi, mama mmoja mtu mzima ambaye mikono yake ilikuwa myepesi kwa watu aliowapenda, na Mama Zipu alikuwa mmoja wao. "Umenenepa," alimwambia Alhamisi. "Ni furaha," alijibu. Nyumbani aliazima cherehani ya jirani, akaunga vipande kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alikuwa anashona koti lote yeye mwenyewe, na zile milimita mbili alizinyoosha.

Ulibaki mkono wa kushoto.

Ijumaa palikuwa na nyuzi zilizopotea stoo, na Bwana Saa akashuka getini kusimamia upekuzi kwa macho yake. Mlinzi hakuwa na la kufanya. Mkono wa koti ulitoka chini ya gauni la Mama Zipu taratibu, wenye pamba, wa buluu, na ulipomalizika kutoka ulianguka chini.

"Alaa!" alisema Bwana Saa. "Kumbe tunafuga wezi."

"Ni takataka, mkubwa. Nimeutoa kwenye gunia."

"Takataka ni mali ya kampuni mpaka iungue. Uvae."

"Mkubwa?"

"Si ulikuwa unautaka? Uvae tukuone."

Akamsimamisha pembeni mwa geti, mkono wa kushoto umo ndani ya pamba mpaka begani, mkono wa kulia mtupu, na zamu mbili zikapishana mbele yake. Jua la saa tisa lilikuwa linawaka. Jasho lilimchuruzika ndani ya mkono ule likadondoka kwenye ncha za vidole. Wengi walipita wakitazama chini. Kijana mmoja wa kupakia maboksi alipiga mluzi. Mama Kola, jirani yake wa meza ya kumi na tano, alipita karibu kabisa akamgusa kiganja, naye akafokewa atembee. Mwanamke yule alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, alikuwa mama wa mtu, alikuwa mke wa mtu, na walimsimamisha pale saa nzima kwa ajili ya kitu ambacho kesho yake kingetiwa kiberiti.

Alipoachiwa alipewa karatasi. Jumatatu arudishe vipande vyote, asaini kwamba ameiba, na akae nyumbani wiki moja bila malipo. Kosa la pili, kazi basi.

Aliwasimulia Jumamosi asubuhi, koti la mkono mmoja likiwa limening'inia kwenye msumari mbele yao. Aliwasimulia kwa sauti ya kawaida, na lile la kusimamishwa getini alitaka kuliruka, lakini mji mdogo, binti alikuwa ameshasikia bombani.

"Usisaini," alisema binti. "Hukuiba. Wewe ndiye uliyelishona."

"Nilishona zipu. Na nisiposaini utakula nini huko? Ufadhili unalipa ada na chumba. Tumbo ni langu mimi."

"Basi siendi."

"Rudia."

"Siendi, mama. Siwezi kwenda kusoma kwa—"

"Rudia tena nikusikie vizuri." Mama alikuwa amesimama. "Nimesimama kwenye jua kama sanamu la shambani, na wewe unaniambia huendi? Basi nilisimamia nini?"

Binti akaanza kulia. Baba aliinuka akachukua mkoba wake wa vifaa, akatoka bila kuaga. Mama alidhani amekwenda kumtafuta Bwana Saa, akaogopa. Baba alirudi baada ya saa moja, shati limemganda mgongoni.

"Vaeni viatu," alisema. "Chukueni na begi. Na hilo koti."

"Tunakwenda wapi?"

"Chuo."

Alikuwa amekwenda kwa muuza nyama wa sokoni, ambaye chumba chake cha baridi alikuwa amemaliza kukitengeneza jana yake. Nyama mpya ilikuwa inaingia Jumapili, kwa hiyo chumba kilikuwa kitupu, kimepigwa deki, kulabu zinang'aa darini. Baba alikuwa amerekebisha swichi mpaka kipimajoto cha ukutani kikasimama kumi na tano, katikati kabisa ya namba za barua. Mlangoni muuza nyama alikuwa anakuna kidevu.

"Fundi, mimi nasubiri ng'ombe, wewe unaniletea familia?"

"Nusu saa tu, ndugu yangu. Mtoto anajifunza nchi."

Wakaingia, mlango mzito ukafungwa nyuma yao, na taa ndogo ikabaki inawaka. Binti alianza na gauni lake jepesi. Dakika ya tano vinyweleo vilimsimama mikononi. Dakika ya nane alijikunja. "Hapo gauni peke yake limeshindwa," alisema baba, akitazama saa yake kama daktari. "Vaa sweta."

Akavaa sweta ya shule. Wakangoja, wote watatu wamesimama chini ya kulabu, pumzi hazionekani, hakuna anayetetemeka. Dakika kumi zikapita, binti akatembea huku na huku, akachuchumaa, akainuka.

"Vipi?"

"Niko sawa," alisema, na mwenyewe alishangaa. "Baba, niko sawa kabisa. Kama asubuhi baada ya mvua."

"Sasa koti."

Akalivaa juu ya sweta, mkono wa kulia ndani, wa kushoto nje. Hata zipu hakufunga. Muda si muda jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akalivua bila kuambiwa, akampa mama yake.

Mama alilipokea. Hakuna aliyekumbuka kwamba yeye naye alikuwa ndani ya chumba kile na gauni lake la kila siku, kichwa wazi. Aliigusa shingo yake, ilikuwa kavu. Hakukumbuka lini shingo yake ilikuwa kavu mchana.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo," alisema mumewe. "Wastani."

"Baridi yenyewe ndiyo hii?"

"Labda makoti mengine yanakwenda kwingine, mama watoto, kwenye—"

"Nimeona maboksi. Nasoma, sijafa macho. Yanakwenda huko huko." Sauti yake ilianza kupanda na ukuta wa bati ukairudisha. "Kwa baridi hii? Kwa hali hii ya kukaa mtu vizuri tu, ndiyo mimi nashonea watu godoro miaka kumi na mmoja, sekunde zangu zinahesabiwa, naomba ruhusa kwenda kukojoa? Kwa hii ndiyo wamenianika getini?"

Mumewe alitaka kumshika bega, akaona si wakati wake. Muuza nyama aligonga mlango, akauliza kama wako hai.

Jumatatu alisaini. Msomaji angependa asisaini, hata mimi ningependa, lakini tumbo la mwanafunzi halishibi kwa heshima ya mama yake, na Mama Zipu alilijua hilo kuliko sisi. Koti lilirudishwa, likalazwa mezani mbele ya mstari mzima, na safari hii Bwana Saa alimpa mkasi Mama Kola. "Na usifuate mishono," alimwambia. Mama Kola alikata huku machozi yanamdondoka kwenye bitana, vipande vya ukubwa wa kiganja, mpaka lisijulikane tena lilikuwa nini.

Ile wiki ya adhabu ilimpa nafasi ya kumfungia mwanawe begi. Aliifua sweta, akaziba matundu kwa uzi wa kijani alioupata kwa jirani, akaiweka juu kabisa ili isitafutwe. Hawakuzungumza habari za koti. Alhamisi binti aliondoka, amevaa gauni jepesi, analia na kucheka, na baba yake akamwambia kwa mara ya tatu kwamba ikishuka chini ya kumi na mbili avae blauzi mbili ndani.

Binti alipiga simu Jumapili ya tatu. Alisema anakula, amepata marafiki, sweta inamtosha, jioni anaongeza shali.

"Na wenyeji wanavaa nini?" aliuliza mama.

Binti alishusha sauti.

"Mama, wanayavaa. Yale yale ya kwenu. Nimeona nembo yake, na zipu ile ile yenye kishikio cha mviringo."

"Ehe. Wanasikia baridi kumbe."

"Hapana. Wanayavaa wazi. Wanatupia tu mabegani. Kuna msichana wa darasani kwetu analitandika kwenye majani analikalia."

"Na zipu?"

"Hawaifungi, mama. Nimekuwa naangalia kusudi, kila siku, kila mtu. Tangu nimefika sijaona hata mmoja aliyeifunga."

Mama alimshukuru, akamwambia ale vizuri, akakata simu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango mpaka mumewe akamuuliza kama kuna habari mbaya.

"Hapana," alisema. "Mtoto mzima."

Jumatatu saa nne asubuhi Bwana Saa alisimama meza ya kumi na nne ameshika koti la kijivu kwa ncha za vidole.

"Mama Zipu. Milimita mbili."

Hakunyanyua kichwa. "Hawaifungi."

"Unasemaje?"

"Zipu. Hawaifungi." Sasa alizima cherehani, na kwa kuwa cherehani moja ikizimwa mstari mzima husikia, wengine wakapunguza mwendo. "Binti yangu yuko huko anawaona kwa macho yake. Wanayatupia mabegani. Wanayakalia kwenye majani. Toka amefika hajaona hata mmoja aliyefunga zipu. Mkubwa, milimita mbili hizo nani anaziona?"

Mama Mfuko akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha kumfurahisha msimamizi. Kilishuka meza kwa meza mpaka mwisho wa ukumbi, na wengine waliocheka hawakuwa hata wamesikia neno lenyewe.

Bwana Saa alitoa mkasi, akautupa mezani. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa. "Kata."

Mama Zipu aliutazama mkasi. Karatasi aliyosaini aliikumbuka, kosa la pili aliliona limesimama mbele yake, na tumbo la mwanawe pia aliliona. Aliweka mikono yote miwili mapajani.

"Umeiona mwenyewe," alisema. "Kata mwenyewe."

Bwana Saa aliuchukua mkasi akamgeukia Mama Kola. Mama Kola alikuwa ameinama chini ya meza anatafuta uzi. Akamgeukia Mama Bitana, naye akawa anafuta jicho kana kwamba limeingia mdudu. Meza ya kumi na saba, meza ya kumi na nane, hakuna mkono uliotoka. Basi akabaki katikati ya wanawake arobaini, akaukandamiza mkasi kwenye pamba, na mkasi ukaruka, kwa sababu pamba ile haikatwi hivyo. Akajaribu tena. Mama Kola alinyanyua saa ndogo ya mkononi mwake, akaisogeza karibu na macho, akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti.